Barua ya wazi kwa wanangu mnaosomea shahada za utafiti

Wanangu,

Poleni na kazi. Nawaandikia nyote mlio katikati ya tasnifu, wa uzamili na wa uzamivu, na hasa wewe uliyeanza kukwepa kupita karibu na ofisi ya msimamizi wako. Nakujua, maana nami niliwahi kuwa hivyo.

Mwaka wangu wa pili nilikaa miezi minane bila kumpelekea msimamizi hata ukurasa mmoja. Si kwamba nilikuwa nimelala. Data nilikuwa nazo, na sura ya tatu nilishaiandika mara nne. Lakini kila nikiisoma naiona mbichi, nasema acha iive kwanza. Barua pepe zake nikawa sizifungui. Nilipoishiwa visingizio nikaenda, na haikupita robo saa akanionyesha kwamba dodoso langu halikuwa likijibu swali la utafiti wangu. Kosa hilo angeliona mwezi wa kwanza. Ikabidi nirudi kukusanya data upya.

Lugha yetu imeiita shahada hii uzamivu, na sidhani kama lipo jina linaloifaa zaidi. Mzamiaji hufungwa kamba, na juu chomboni yupo mtu aliyeishika. Huyo wa juu haoni yanayotokea chini. Anajua tu kile kamba inachomwambia. Usipoitikisa, ataamini u salama hata kama pumzi zimekuishia.

Mwaka 1967, Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, akisoma kwa macho yake chati za darubini ya redio, karibu mita 30 za karatasi kila siku. Amesimulia mwenyewe kwamba aliishi na hofu kuwa chuo kilikosea kumpokea na kwamba siku moja kitagundua kimfukuze. Kwenye karatasi hizo akaona michoro midogo asiyoielewa. Angeweza kuipita. Akampelekea msimamizi wake, ambaye mwanzoni alidhani ni mawimbi ya mitambo ya binadamu. Bell akazidi kufuatilia hadi ikathibitika kwamba ni nyota inayotoa mpigo kila sekunde 1.3 hivi, pulsa ya kwanza kujulikana.

Najua mtakaloniuliza, kwa sababu Nobel ya Fizikia ya 1974 alipewa msimamizi huyo, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle, na Bell akaachwa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dhuluma, siitetei. Hata hivyo, ukiificha kazi kwa kuogopa kuporwa, siku ikiporwa hutakuwa na shahidi. Itume rasimu kwa barua pepe yenye tarehe, iwasilishe kwenye semina ya idara, na mkubaliane mapema, kwa maandishi, jina la nani litatangulia kwenye makala.

Ukienda kikaoni peleka kurasa, usiende na maelezo ya mdomo tu. Kurasa tano zenye mapengo zinatosha. Ulipokwama, paandike wazi kwamba umekwama. Kikao kikiisha, siku hiyo hiyo mwandikie mistari michache ya mliyokubaliana, kwani mwenye wanafunzi wanane husahau alimwagiza nani nini.

Wapo pia wasimamizi walioiachia kamba, wanaokaa na sura yako miezi mitatu kimya. Mkumbushe kwa maandishi, baada ya wiki mbili mkumbushe tena, kisha nenda kwa mratibu wa masomo ya juu na barua zako mkononi. Huo si utovu wa adabu. Nilipokuwa msimamizi, mwanafunzi wangu mmoja alinikumbusha hivyo; niliona haya, nikaisoma sura yake usiku ule ule. Hadi leo namshukuru.

Wewe uliye kimya tangu muhula uliopita, usisubiri hadi upate la kumfurahisha. Siku niliyorudi baada ya ile miezi minane nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Alinivutia kiti, akanyoosha mkono kupokea karatasi, akauliza, “Umeleta nini?”

Mzee wenu katika utafiti