Dada alinitangaza kwenye grupu la ukoo kwamba natumia dawa za akili

Shikamoo Shangazi,

Saa tisa ya usiku imepita na usingizi hamna, nikaona bora nikuandikie. Daktari alishanitahadharisha kwamba mwanzoni usingizi unaweza kupotea, ndiyo maana alitaka nimeze dawa asubuhi baada ya chai. Kwa hiyo usije ukanijibu nibadilishe muda. Nameza asubuhi. Kinachonikosesha usingizi leo ni dada.

Unajua dada mkubwa kwenye familia zetu anavyokuwa. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilipia ada, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama siku naolewa. Ndiyo maana nilimwambia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, hata mume wangu. Nikamwambia, dada, nimeenda hospitali, wamesema ni sonona, wameniandikia fluoksetini ya miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku. Akanisikiliza vizuri tu, akanikumbatia. Jioni naingia WhatsApp nakuta ameandika kwenye grupu la ukoo: ndugu zangu tumkumbuke mdogo wetu kwa maombi, ameanzishiwa dawa za akili. Na jina langu kamili.

Mjomba anameza dawa za presha tangu sijaolewa. Hajawahi kuandikwa kwenye grupu.

Mimi si kwamba sisali, Shangazi, maana najua kuna watakaosema hivyo. Nasali. Nimefunga, nimeombewa, na mchungaji mwenyewe ndiye aliyesema niende hospitali. Wala si mvivu. Ilifika mahali naamka, nakaa kitandani natazama viatu vyangu na siwezi kuinama kuvivaa. Wateja wanapiga simu naiangalia inaita mpaka inakata. Nimeishi hivyo muda mrefu nikisema ni uchovu. Sasa nimekwenda kutafuta tiba kama mtu mzima, ndiyo natangazwa?

Dawa yenyewe sijamaliza nayo mwezi. Daktari alinieleza mapema, na namshukuru, kwamba maudhi yanatangulia na nafuu inakuja nyuma: wiki mbili hadi nne ndipo watu wengi wanaanza kuona tofauti, wengine mpaka wiki ya sita. Ameniambia pia huenda nguvu za kufanya kazi zikarudi kabla huzuni haijaondoka, na kwamba mawazo ya kujidhuru yakija, au yakizidi, nisingoje tarehe ya kliniki, niende siku hiyohiyo. Hayo sina, usiogope. Nilichonacho ni kichefuchefu, tumbo kusokota na mikono kutetemeka. Mimi ni fundi cherehani. Natunga uzi, unapita pembeni ya tundu la sindano, nataka kuulowesha kwa mate, mdomo mkavu, natunga tena. Na sare za sendofu ya binti wa dada nazishona mimi, vitenge vya ukoo mzima vimejaa hapa ofisini. Nashona nguo za watu walewale walionisoma kwenye simu. Na lile jingine la chumbani, wewe ni mtu mzima unaelewa, hamu imekata kabisa. Mume wangu hajasema neno, ila anageukia ukutani.

Dada anadhani nimepewa vidonge vya usingizi, vile ambavyo mtu akivizoea hawezi kuviacha. Nimemweleza sivyo. Daktari alisema hii haileti uraibu wa namna hiyo, isipokuwa nisiikate ghafla kwa kujiamulia, na nikishapona niendelee nayo walau miezi sita ili ugonjwa usirudi. Alikuwa makini mno, hadi diklofenaki ya mgongo ninayonunuaga dukani aliniambia niiache, kwamba zikiwa pamoja zinaweza kuleta kutokwa na damu tumboni. Yote hayo nilimweleza dada. Yeye akaniuliza, hiyo miezi sita tutawaambia nini watu?

Watu gani, Shangazi, wakati watu wote ameshawaambia yeye?

Halafu kuna mtoto. Kitinda mimba wake anaishi kwangu, anasoma shule ya huku kwetu. Wiki iliyopita amekuja kumchukua, eti akapumzike nyumbani kidogo. Katikati ya muhula! Hakunitazama machoni. Mtoto anauliza daftari la hesabu alibebe au aliache, dada anamwambia beba yote.

Hapo nilitegemea nitalia. Mimi hulia hata kwenye harusi za nisiowajua. Sikulia. Nilisimama mlangoni nikamwambia kwaheri, nikarudi kwenye cherehani. Hili linanitisha kuliko kichefuchefu. Ni ugonjwa umenikausha hivi, au ni dawa? Mbona nilikwenda hospitali ili nijisikie mtu, na sasa ndiyo sijisikii kabisa? Kliniki ni mwezi ujao na sendofu ni kabla ya hapo.

Sitaki dada aniombe radhi, ni mkubwa wangu. Lakini asiponiomba radhi sijui nitakaaje naye meza moja, na mimi ndiye nimepangiwa kumkabidhi binti zawadi. Jana nimeshika ile pakiti ya dawa nikasema nisimeze wiki hii na ijayo, ili mtu akiniuliza ukumbini nimjibu bila kudanganya kwamba situmii kitu. Kisha nikameza. Leo nikipambazukiwa sijui.

Usiniambie niongee na dada, nimeshaongea. Usiniambie nitoke kwenye grupu, watasema ndiyo dalili. Nataka uniambie hili la kutolia linapita au ndivyo nitakavyokuwa, maana kama linapita nitavumilia mikono na tumbo na maneno yao. Na kama si la kungoja mwezi ujao, nieleze nirudi vipi kwa daktari kabla ya tarehe bila kuonekana msumbufu, kwa sababu siku ile alikuwa na foleni mpaka nje ya geti.

Naomba jina langu na mtaa visitokee. Dada anasoma ukurasa huu kila wiki.

Msomaji wako,
Mwanza