YAH: KUFUNGA MUHULA NA MAANDALIZI YA MLIPUKO WA MAFUA MAKALI

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Tumefunga muhula leo na ripoti ya mtoto anayo mwenyewe. Masuala ya michango mtamalizana na mwalimu wa darasa. Mimi nina jambo ambalo kwenye kikao cha wazazi liliishia kwenye "mengineyo".

Machi 17, 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya UVIKO-19, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Tulipoanza kuwatafuta wazazi, namba nyingine hazikupatikana, nyingine zilikuwa za bodaboda aliyewahi kumleta mtoto. Mafua makali ya dunia nzima yalikuja 1918, 1957, 1968 na 2009, na yatakuja tena bila kupiga hodi. Yale ya 2009 yaliwaandama zaidi watoto na vijana kuliko wazee.

Kwa hiyo jazeni fomu iliyoambatanishwa: namba mbili zinazopokelewa, moja iwe ya jirani anayeshinda nyumbani. Andikeni pia nani atakaa na mtoto shule ikifungwa ghafla. Mama anayetoka Mbagala alfajiri kwenda kuuza chakula Kariakoo hawezi kulijibu hilo siku ya tangazo. Akubaliane na majirani sasa, mjumbe wa shina akijua.

Mtoto mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani, hata kama kuna mtihani. Mtihani tutamtungia mwingine. Anaweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajaonyesha dalili, na dawati moja wanakaa watatu. Arudi akishamaliza saa 24 bila homa na bila kunywa dawa ya kuishusha. Amoksilini iliyobaki kabatini haiui virusi vya mafua, na aspirini msimpe mtoto kabisa. Tena hapa Dar msiseme "ni mafua tu" kabla hajapimwa malaria. Akipumua kwa shida, akishindwa kunywa au akipata degedege, kimbilieni kituo cha afya. Ushauri mwingine pigeni 199, ni bure.

Kila mtoto aje na kipande cha sabuni ya mche. Vitakasa mikono sivitaki, ni ghali na madarasa ya chini wanavichezea. Ndoo za koki tutazijaza jioni, maana maji ya bomba mnayajua wenyewe.

Fomu irudi siku ya kufungua. Mtoto asiye nayo tutampokea, ila mzazi wake nitampigia, kama namba itapatikana.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu