Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi: Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu tunaowaacha: kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika mahafali yetu, na tunakushukuru kwa kukubali kuja kwa barabara ambayo wewe mwenyewe umeiona leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala za mahafali kwa desturi huanza na historia ya shule, zikafuata idadi ya madarasa, matundu ya vyoo na upungufu wa walimu wa sayansi, kisha zikaishia kwenye ombi la basi. Mambo hayo Mkuu wa Shule ameyaeleza vyema katika taarifa yake, nasi tumeomba ridhaa yake tuitumie nafasi hii kuzungumzia jambo moja tu, yaani kompyuta, na namna sisi sote, shuleni na nyumbani, tunavyozitazama.

Tulipoingia kidato cha kwanza shule ilipokea kompyuta 10 za msaada. Wazazi wa kata hii walichanga alizeti, mwenye gunia akatoa gunia na mwenye debe akatoa debe, ili chumba cha mwisho cha jengo la utawala kiwekwe nondo madirishani, mlango wa chuma na kufuli mbili. Ufunguo mmoja hukaa kwa mwalimu wa taaluma na wa pili kwa mtunza stoo, na kwa kuwa ni nadra wawili hao kuwa na nafasi kwa wakati mmoja, chumba kile hufunguliwa zaidi siku za ugeni. Ndani yake kila kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, cha aina ile ile tunayoitandika juu ya redio na makochi majumbani. Mlangoni tunavua viatu. Kibodi tumejifunza kwenye karatasi ya manila ambayo mwalimu wetu, kwa mwandiko wake mzuri, alichora vitufe vyote, nasi tukawa tunaibonyeza kwa zamu tukijifanya tunaandika barua. Mwenzetu mmoja alikuwa hodari kuliko wote kwenye manila. Siku alipoketi mbele ya kompyuta yenyewe alibonyeza herufi moja akasahau kuinua kidole, herufi ile ikajipanga mstari baada ya mstari hadi ikajaza skrini nzima, naye akaruka nyuma akisema, "Mwalimu, nimeiua!"

Tulicheka siku ile, lakini kwa kweli hakuna kati yetu ambaye asingefanya kama yeye. Juu ya mlango wa chumba kile limebandikwa tangazo lisemalo kwamba atakayeharibu atalipa, na kila mzazi aliyepo hapa aliweka sahihi kwenye fomu yenye maneno hayo hayo. Mtoto wa mkulima anayejua kwamba kosa moja la kidole linaweza kuuza mbuzi wa nyumbani hawezi kujifunza kwa kujaribu, na kompyuta, Mheshimiwa, ni chombo kisichofahamika ila kwa kujaribu. Wala hatumlaumu mwalimu. Vifaa vile vimeandikwa kwenye daftari la mali ya shule, na siku ya ukaguzi yeye ndiye anayeulizwa kwa nini kimoja hakiwaki. Hakuna anayemuuliza ni wanafunzi wangapi wamekitumia. Kwa hesabu hiyo kompyuta iliyofungiwa miaka minne haimletei mtu barua ya kujieleza, ilhali iliyotumika hadi ikachakaa inaweza kumletea. Na bado kufungia hakukuziokoa, kwani kati ya zile 10 nne zimekwisha kufa, mbili kwa nyaya zilizotafunwa na panya na mbili kwa sababu ambazo hakuna aliyezijua, kwa kuwa hakuna aliyeziwasha kwa muda wa kutosha kuzigundua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hofu hii hatukuianzisha sisi. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na ilipofika mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za Serikali uliotegemea mitambo hiyo kuleta matatizo na hasara, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Waliofanya uamuzi ule walikuwa na sababu zao, maana fedha za kigeni zilikuwa chache na mafundi wa mitambo ile walitoka nje. Kizuizi kile kiliondoka, Sera ya Taifa ya TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, ikatolewa mwaka 2003, ile ya TEHAMA katika elimu ya msingi ikafuata mwaka 2007, na mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa baharini ukafika Dar es Salaam. Kwenye nyaraka nchi imekwisha kutoka huko. Katika chumba chetu bado ni mwaka 1974.

Kwa upande wa wazazi wetu, tunasema kwa adabu zote, jambo hili lina sura mbili. Mzazi yule yule anayetuambia kwamba mitambo hii inaharibu watoto ndiye anayepokea malipo ya alizeti kwa simu, ananunua umeme wa LUKU kwa simu, na kufuatilia bei ya gunia kwenye kundi la WhatsApp kabla dalali hajafika. Hofu yake si ya bure. Kubeti kupo, picha chafu zipo, na sisi wenyewe hatujifanyi malaika, kwani siku mwalimu alipoitwa ofisini kwa dakika chache wawili wetu walikwisha fungua mchezo wa karata. Lakini mchezo ule mwalimu aliukuta, akaufunga, akatusema mbele ya darasa zima, na somo likaendelea. Mtoto aliyefungiwa mlango huu mchana huazima simu ya binamu usiku, chini ya shuka, na huko hakuna mwalimu wa kurudi ghafla.

Limo pia jambo ambalo tulibishana sana kabla ya kuliandika. Kompyuta zikiwa sita na darasa likiwa na wanafunzi 84, kila mashine hukaliwa na kundi, na katika kila kundi mvulana hushika kipanya na msichana hushika daftari. Hakuna aliyeagiza iwe hivyo. Wavulana tulioshiriki kuandaa risala hii tulikataa kwanza, kisha tukaombwa tutaje mara moja tu ambapo ilikuwa kinyume, tukanyamaza.

Nje ya geti hili, Mheshimiwa, hakuna manila. Matokeo yetu yatatangazwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, anayetaka kubadili tahasusi atafanya hivyo mtandaoni, maombi ya mkopo wa elimu ya juu ni mtandaoni, na kazi za Serikali huombwa mtandaoni. Kinachotokea sasa ni kwamba mhitimu huenda kwa kijana wa steshenari, anatoa shilingi 5,000, anataja majina yake na kuondoka na karatasi. Dada yetu mmoja aliyesoma hapa kabla yetu aliombewa mkopo kwa njia hiyo. Kijana yule alimtengenezea barua pepe, akambunia nywila na kuiandika kwenye daftari lake la kaunta. Waombaji walipotakiwa kurekebisha viambatisho, steshenari ilikuwa imefungwa, kijana amehamia mji mwingine na daftari lake, na siku za marekebisho zikapita. Alama za kwenda chuoni alikuwa nazo. Nywila ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Tunapenda pia kutambua kwamba mabadiliko yameanza. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu, mwalimu wetu wa Jiografia alikuja nacho darasani na kutuonyesha Oldoinyo Lengai ikitoa lava, nasi tuliokuwa tumekariri volkano kwa mchoro wa chaki tukamwomba airudie mara tatu. Kishikwambi kile kilipita mikononi mwetu, kikadondoka mara moja, na bado kinafanya kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi kompyuta zaidi. Tunaomba utusaidie kuzungumza na wanaokagua mali za shule, ili kifaa kilichochakaa kwa kufundishia kihesabiwe kuwa kimefanya kazi yake, na mwalimu asiandikiwe barua kwa ajili hiyo. Likipatikana hilo, tunaiomba Bodi iondoe tangazo lile la mlangoni kwa makosa yasiyo ya makusudi, na chumba kiwe wazi kila siku baada ya vipindi, huku wasichana wakitengewa zamu yao. Wazazi nao tunawakaribisha Jumamosi. Tutafurahi kuwaonyesha namna ya kujiwekea nywila wasiyolazimika kumwachia mtu. Fundi wa kupita mara moja kwa muhula, hata mwanafunzi wa VETA aliye katika mafunzo kwa vitendo, angetutosha.

Kwa mujibu wa ratiba, baada ya risala hii utapelekwa kukagua chumba cha kompyuta. Vitambaa vimekwisha ondolewa tangu asubuhi na sakafu imepigwa deki. Tunakuomba ukifika mlangoni usivue viatu, na ukishaingia umwite mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza, si yule aliyeandaliwa, umwambie akae na aandike jina lako. Akikosea, tunaomba umwachie afute mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.