Betri ikichoka, simu haijafa

Mhariri,

Jumapili iliyopita mlitoa kurasa mbili nzima kuhusu simu mpya. Mwandishi wenu alisifu kamera yake, akasifu wembamba wake, akamalizia kwa kusema kuwa anayetumia simu ya miaka mitatu amepitwa na wakati. Makala hiyo niliisoma bisibisi ikiwa mkononi, na mezani mbele yangu kulikuwa na simu ya miaka sita niliyokuwa nimeifungua mgongo. Nimeona nisinyamaze.

Nimekuwa fundi simu kwa miaka 14. Simu hiyo ya miaka sita aliileta mama mmoja, akiwa ameifunga kwenye leso. Akaniambia, "Fundi, hii imekufa. Watoto wamesema niitupe, lakini nimeona nikuonyeshe kwanza." Ilikuwa haishiki chaji, ikifika asilimia 30 inazimika ghafla. Niliipasha moto taratibu pembezoni mpaka gundi ikalegea, nikanyanyua kifuniko. Betri ilikuwa imeanza kuvimba. Nikadondosha matone machache ya spiriti chini yake, nikaitoa kwa kupitisha uzi wa kuvulia samaki, maana ukiichokonoa kwa chuma ikatoboka, inawaka moto mikononi mwako. Nikaweka nyingine. Saa moja haikuisha. Bodi nzima, kamera nzima, skrini nzima, na picha zote za marehemu mumewe zimo. Kilichochoka ni kipande kimoja tu, na kila aliyekitengeneza alijua kitachoka. Betri ya lithiamu ya simu, ikishajazwa mara 500 hadi 1,000 hivi, hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wake. Kuna watu wanatupa simu nzima kwa sababu hiyo tu.

Sasa, kile kibetri nilichokitoa ndicho hasa kilichonisukuma kuandika. Ndani yake mna madini ya kobalti. Karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zaidi upande wa Kolwezi. Nyingi hutolewa na migodi mikubwa yenye mitambo, lakini sehemu yake hutolewa na wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa kamba, wenye sururu na tochi ya kichwani, bila nguzo ya kuzuia udongo. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi migodini kusini mwa nchi hiyo. Juni 2019 udongo uliporomoka karibu na Kolwezi ukawafunika wachimbaji zaidi ya 30. Daktari Denis Mukwege wa Kongo, alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, aliwakumbusha waliomsikiliza kwamba simu na magari ya umeme tunayoyapenda yana madini ya kwao, na kwamba mara nyingi yanachimbwa katika hali isiyo ya kibinadamu na watoto wadogo. Yeye ndiye aliyewatibu wanawake walioharibiwa miili katika vita ambavyo madini ya mashariki mwa nchi hiyo yanavilisha. Ninamwamini.

Halafu si kobalti peke yake. Ukinikuta natengeneza kompyuta mpakato, nitakuonyesha kwenye darubini kapasita, kipande kidogo cha kutunza chaji ya umeme kwenye bodi, ya njano na yenye mstari upande mmoja. Hiyo ni tantalamu, na tantalamu inatokana na koltani, madini ambayo sehemu yake kubwa hutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, mahali kama Rubaya, kwenye vilima vilivyochimbwa kwa mikono mpaka vikabaki matope. Tangu Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa waasi wa M23. Waya wa lehemu ninaoyeyusha kutwa nzima karibu wote ni bati. Takriban nusu ya bati ya dunia huishia kwenye lehemu. Huko Bangka, Indonesia, bati inafyonzwa hadi chini ya bahari, matumbawe yanafunikwa na tope na wavuvi wanapoteza maeneo yao ya kuvulia. Vitu hivi vyote vimekaa ndani ya kifaa kinachoenea kiganjani. Madhara yake karibu yote yameshatokea kabla hujakiwasha mara ya kwanza. Huwezi kuyarudisha nyuma. Unachoweza ni kukitumia kifaa hicho muda mrefu, ili kingine kisichimbiwe mapema.

Mtu ataniambia: si simu kuukuu zinayeyushwa na madini yake yakatumika tena? Kwa sehemu ndogo, ndiyo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na kiasi kilichothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hakikufika hata robo. Dhahabu na shaba huokolewa kwa sababu zina bei. Tantalamu, iliyotawanyika kidogo kidogo kwenye bodi, karibu yote hupotea. Kapasita nzuri niliyoitoa kwenye bodi mbovu nikaihamishia kwenye nyingine imeokoka kuliko iliyopelekwa kwenye tanuru.

Lipo swali lingine gumu zaidi, nami nimeulizwa mezani kwangu na kijana mmoja: tukinunua simu chache, yule mchimbaji atakula nini? Sina jibu jepesi. Najua tu kilichotokea mwishoni mwa mwaka 2000, bei ya koltani ilipopaa. Wakulima wa Kivu waliacha mashamba wakakimbilia mashimoni, wachimbaji wakaingia hadi hifadhi ya Kahuzi-Biega, sokwe na tembo wakauawa kwa ajili ya nyama. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, watu wakabaki na mashimo na mashamba yaliyomea magugu. Mchimbaji anahitaji nguzo shimoni, bei ya haki na shule ya mwanawe. Pupa yetu ya kubadilisha simu haimpi hata kimoja. Na ni kweli pia kwamba siku hizi magari ya umeme yanatumia kobalti kuliko simu. Lakini mimi sitengenezi magari. Nasema ninachokishika.

Ninachokishika, Mhariri, kinazidi kufungwa mwaka hadi mwaka. Zamani kifuniko ulikifungua kwa ukucha. Leo wembamba ule mliousifu maana yake ni gundi kila mahali. Mwaka jana nilichukua skrini halisi kutoka simu moja iliyovunjika bodi, nikaiweka kwenye simu nyingine ya aina ileile, kiwanda kilekile. Iliwaka vizuri kabisa, kisha likatokea tangazo kuwa sehemu hii haitambuliki, na marekebisho ya mwanga yakagoma. Skrini haikuwa na kasoro yoyote. Ilikataliwa na programu. Mteja alinitazama kama tapeli, na iliniuma sana.

Kuna pia simu zinazopunguzwa kasi. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja kwamba programu mpya ingeweza kupunguza mwendo wa simu za zamani, zile ambazo betri zake zimechakaa. Kubadilisha betri kungerudisha mwendo, lakini asiyeambiwa atajuaje? Na kompyuta nazo: Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, programu yake inayoendesha kompyuta, na mashine nyingi zilizo nzima haziruhusiwi kuhamia toleo linalofuata. Ninazoletewa ninaziwekea Linux, programu nyingine ya kuendesha kompyuta, zinaendelea na kazi.

Sheria inaweza kubadilisha haya, kwa kuwa imeshaanza kufanya hivyo. Tangu Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya lazima ziwe na spea kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na programu zake ziendelee kusasishwa kwa miaka isiyopungua mitano. Kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo itabidi mtumiaji mwenyewe aweze kuzitoa na kuzibadilisha, isipokuwa kwa misamaha michache. Viwanda ni vilevile vinavyouza duniani kote. Sioni kwa nini anayenunua nje ya Ulaya apewe kilichogandishwa kwa gundi.

Wakati tunasubiri, wasomaji wenu wengi wanaweza kuniokolea kazi. Simu isiyoingiza chaji, kabla hujaihukumu, angalia tundu lake la chaja kwa tochi. Mara kwa mara ninachokikuta humo ni vumbi la mfukoni lililoshindiliwa hadi likawa gumu kama sponji kavu. Izime, ulichokoe kwa kijiti cha mbao, si kwa sindano. Usiilaze ikichaji chini ya mto. Joto ndilo linaloua betri kuliko kitu kingine, na kuiacha imejaa asilimia 100 usiku kucha kila siku kunafuatia.

Kwenu nina ombi moja. Kila mtakapoandika kuhusu simu mpya, ongezeni mistari mitatu: betri yake inatolewaje, spea zitapatikana kwa miaka mingapi, na programu itasasishwa hadi mwaka gani. Mnaweza kuanza na ile ya Jumapili. Nimezitazama picha zake zote mlizochapisha, mbele, nyuma na ubavuni, na sikuona hata skrubu moja.

Fundi simu,
msomaji wenu wa siku nyingi