Kabla muuze kompyuta kwa kilo, tuulizeni sisi wagonjwa wa waya

Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua. Kuna jambo linanichoma tangu mwezi uliopita, kompyuta nzima kuuzwa kama vyuma chakavu, lakini ndio mnielewe lazima nianze na mama mkwe wangu.

Mama alitutembelea hapa Section 58 akitoka Molo, nikamkaribisha kiti kwa heshima zote. Shida ni kwamba hicho kiti hakikuwa kiti, ilikuwa kasha la Compaq ya zamani nimeilaza chini nikaifunika na kitambaa cha kochi, na wageni wengi wamekaa hapo bila kujua. Sasa mama alipoketi ikalia kraa. Akasimama, akafunua kitambaa, akaangalia kule kona kuna makasha mengine manne na monita mbili zimeangalia ukuta kama watoto wamepewa adhabu, halafu akamuuliza bibi yangu kwa sauti ya chini, lakini niliskia, "Kwani hamjamaliza kuhama?" Tuko kwa hiyo nyumba mwaka wa saba.

Basi tangu siku hiyo nimejikubali. Mimi ni mgonjwa, na najua kuna wengine huku Nakuru wako na huu ugonjwa wangu, wanajificha tu. Kama una gunia la viazi ndani ya nyumba na halina viazi, lina waya, wewe ni mwenzangu. Langu lina waya za stima za kompyuta kama thelathini, waya za monita zile za rangi ya bluu zenye pini 15 (hiyo ploki ilikuja na kompyuta za IBM za 1987 na bado projekta ya kanisa letu inaitumia, kwa hivyo nani atanishawishi niitupe?), chaja ambazo sijui ni za nini, na modemu ya laini ya simu ya enzi zile kabla waya za baharini kufika Mombasa 2009, yenye ilikuwa inapiga kelele kama paka amekanyagwa mkia. Bibi yangu alitupa waya moja tu, ile bapa ya kuunganisha hadi diski za zamani (hadi diski ni pale kompyuta inahifadhi mafaili), akaniambia hata hautajua. Wiki mbili baadaye mwalimu mmoja akaniletea mashine ya 2003 akitaka picha za harusi zitolewe kwa diski. Sikusema kitu. Nilimwangalia tu.

Skrubu zangu ziko kwa mkebe wa Kimbo, na usizichanganye tafadhali, za hadi diski kubwa zina nyuzi nene na za kifaa cha kusomea CD zina nyuzi nyembamba, ukilazimisha moja kwa shimo la nyingine umeharibu. Raba za watoto hupotea nyumbani kwetu. Kijana wangu wa Grade 4 alishaandikiwa barua na mwalimu kwamba kila siku anakuja bila raba, na ukweli ni kwamba raba ndio dawa ya RAM iliyogoma, kile kibao cha kumbukumbu ya muda ndani ya kompyuta, unaitoa, unasugua yale meno ya rangi ya dhahabu polepole mpaka yang'ae, unapangusa, unarudisha mpaka iseme kla pande zote mbili. Mashine zenye nimefufua na raba ya shilingi kumi ni nyingi kuliko zenye nimefufua na kitu kingine chochote. Sasa namnunulia mbili, yake na yangu.

Halafu kuna mambo ya mlio. Mashine ikikataa kuwaka huwa inalia, na wagonjwa tunaskiza kama daktari na kile kifaa chake cha shingoni. Kwa mashine nyingi za zamani zenye BIOS (ile programu ya kuamsha mashine) ya kampuni ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni shida ya kadi ya picha. Siku moja tuko steji, matatu ya kwenda Free Area ikapiga honi moja ndefu na mbili fupi, na mdomo wangu ukasema peke yake "kadi ya picha". Mzee aliyekuwa karibu nami akasonga kidogo.

Na bado naumia mtu akiita kasha lote CPU. CPU ni kile kidude kidogo chini ya feni mzee, ndio ubongo wenyewe, kinatoshea kwa kiganja! Lakini nchi nzima inaita hivyo, nimeshindwa, hata mimi nikienda dukani nasema CPU ndio nieleweke.

Wacha niwape moja niliyoiona kwa macho, kwa sababu najua kuna wasomaji wanadhani haya ni mambo ya watu wavivu. Mama mmoja wa saiba upande wa Shabab aliniita akiwa karibu kulia. Kompyuta yake kubwa imekataa mtandao, kila tovuti akifungua inamwambia si salama, wateja wamejaa wanataka kujaza fomu na wameanza kumhama. Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameshamwambia mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani yenye kila kitu huchomekwa, imekufa, alete 6,500. Nikaketi nikaangalia pembeni pale chini kwa skrini. Saa ilikuwa inasema 1 Januari 2009. Nikacheka mpaka akakasirika. Ndani ya kila kompyuta ya meza kuna betri ya mviringo kama sarafu, CR2032, na hilo jina si la bure, 20 ni milimita za upana na 32 ni unene wa milimita 3.2, inatoa volti 3, na kazi yake ni kukumbusha mashine saa na tarehe ukizima stima. Ikizeeka, kila asubuhi mashine inaamka ikidhani ni miaka ya nyuma. Sasa tovuti huwa zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, mashine ikiangalia inaona cheti bado hakijaanza kutumika, inakataa. Betri nilinunua mia moja, nikarekebisha saa, nikanywa soda yake. Hiyo 6,500 ilikuwa ya mazabodi yenye haikuwa na shida yoyote.

Vumbi nayo ni hadithi ya Nakuru yenyewe. Tunaambiwa tangu utotoni kwamba jina la mji linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na hata tulipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Disemba 2021 vumbi haikupata habari. Nimewahi kufungua mashine ya posho mill moja, feni haikuonekana. Kulikuwa na blanketi, si utani, blanketi ya unga na vumbi na manyoya ya panya, niliishika kwa ncha ikatoka nzima kama soksi, na chini yake mjusi mkavu amelala ametulia. Ile mashine ilikuwa inazima kila baada ya dakika kumi na mwenyewe amenunua antivairasi mara mbili! Hakukuwa na vairasi, ilikuwa inachemka tu na ikichemka inajizima ndio isiungue. Nilipangusa na brashi ya rangi, nikaweka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto kati ya CPU na ile alumini ya kuipoza, na tafadhali dawa ya meno si dawa ya CPU, inakauka ikiwa ukoko siku chache tu, wacheni. Na ukipeleka kwa kijana wa pancha akupulizie na kompresa, kwanza mwaga maji yaliyo ndani ya tangi, na shika feni na kidole isizunguke.

Lakini sitaki kujifanya malaika. Huu ugonjwa una hasara. Nilikuwa na kompyuta moja ya zamani yenye CPU ya Pentium 4 nimeifanya ghala la mafaili ya familia, inawaka usiku na mchana chini ya meza, na mimi najiona mkubwa. Tokeni zikaanza kuisha kama maji ya mtungi uliopasuka. Bibi yangu ndiye alipiga hesabu, si mimi, ati mtu wa kompyuta. Wati 150 mara saa 24 ni yuniti 3.6 kwa siku, zaidi ya mia moja kwa mwezi, za kuhifadhi picha za birthday! Nikaizima kwa aibu, nikanunua Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi ya benki yenye Waingereza walianza kuuza 2012. Inakula kama wati 5 hivi, kumaanisha zile yuniti 3.6 za siku moja sasa ni za mwezi mzima. Hiyo Pentium 4 ndio ile Compaq mama mkwe alikalia.

Sasa nije kwa kilichonifanya nishike kalamu. Windows 10 iliacha kupewa apdeti za bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka mashine yenye chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 na CPU ya karibuni, kwa hivyo kompyuta nyingi za kabla ya 2017 hivi zimefungiwa nje ya mlango. Kufungiwa si kufa. Lakini shule moja nje kidogo ya mji, sitaitaja, ilisikia hayo maneno ikaelewa kwamba kompyuta zimeexpire kama maziwa. Ikaita watu wa vyuma chakavu. Mashine 22, zenye CPU za Core i5 za 2012, zimepimwa kwa mzani wa mahindi, kila moja kama kilo tisa, kwa shilingi 35 kilo. Piga hesabu mwenyewe, hazikufika elfu saba zote pamoja. Hapa mjini moja tu ikiwa safi inaweza kukupatia hiyo pesa.

Niliambiwa na kijana wa boda, nikaenda mbio. Nilipofika kwa yadi, vijana wawili walikuwa wameketi na nyundo, wanapasua mazabodi kutoa ile alumini ya kupoza na kuchoma waya wapate shaba, moshi mweusi, na mtoto wa miaka kama sita anacheza pale na vipande. Hizo waya zina plastiki ambayo moshi wake si wa kuvuta, na vifaa vingi vya zamani vilichomelewa na risasi (si ya bunduki, ile metali ya sumu), Ulaya wenyewe walikataza hiyo risasi 2006 tu. Sikuwalaumu vijana, wao wanatafuta unga. Niliomba mashine zilizobaki nzima, zilikuwa tatu. Nikazilipia kwa kilo kama nyama.

Nyumbani nikawasha ya kwanza. Ikawaka! Bila kusugua hata raba. Na ndani ya hadi diski, Mhariri, nikakuta majina ya wanafunzi, alama za mtihani za miaka minne, karo nani anadaiwa ngapi, na namba za simu za wazazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 katika hii nchi. Sasa diski zingine 19 ziko wapi? Nilifuta zangu zote, tena kwa programu ya kuandika sifuri juu ya kila kitu, kwa sababu kufuta kwa kawaida ni kama kung'oa jina mlangoni na mwenye nyumba bado yuko ndani. Kisha nikaweka Linux Mint, programu ya kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, inatosheka na RAM ya GB 4, na mtoto hawezi hata kujua tofauti akiandika insha. Na hiyo Linux yenyewe ilianzaje? Ni kijana mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka wa 1991, na kompyuta yake ya nyumbani yenye CPU ya 386, akawaambia watu ni ya kujifurahisha tu haitakuwa kubwa. Leo simu za Android zote ziko juu yake. Bila shaka naye alikuwa na gunia la waya.

Kwa hivyo walimu wakuu, makarani wa sacco, wenye saiba, kila mtu mwenye kompyuta amerundika stoo akingoja mtu wa mzani, kila mtaa una mgonjwa kama mimi na mnamjua, ni yule mnamcheka. Mwiteni kwanza aangalie. Chai inatosha. Akisema imekufa basi imekufa, hata hapo atoe hadi diski kabla haijaenda popote. Monita zile za mgongo mkubwa tu ndio siwaambii mtu afungue, ndani zinaweka volti elfu nyingi hata ukiwa umechomoa, na vioo vyake vina risasi, hizo kaunti ituonyeshe mahali pa kupeleka kwa sababu mtaani kwetu sijaona, na mimi nimebaki na mbili zinaangalia ukuta.

Mama mkwe anarudi Disemba. Nimeshanunua kiti cha plastiki. Zile mashine tatu, moja iko kwa jirani mwenye watoto wanne, moja iko kwa saiba ya yule mama, na ya tatu nimeifunika na kitambaa kwa muda tu, inangoja RAM. Kama kuna msomaji ana RAM ya aina ya DDR3 ya desktopu, si ya laptopu, hata GB 2, asiiuze kwa kilo.

Mgonjwa wa waya,
Section 58, Nakuru