Shukran kwa mzee wa pale Ngomeni

Mzee wangu wa kofia ya vito, ulonionesha makaburi ya ukoo wa Mazrui hapo karibu na Fort Jesus, Mombasa, juzi, jina sikukuuliza na mpaka sasa naumia. Nlikuwa nazunguka na jua lile la saa saba, simu imezima chaji, nataka tu kumuombea dua Profesa Ali Mazrui maana maandishi yake ndo yalonifanya nisomee uongozi, ukaacha kahawa yako ikapoa ukanishika mkono huku wanihadithia vile mtoto wa Mombasa alozaliwa 1933 alivyokuwa profesa Makerere, akamkosoa Idi Amin ikabidi aondoke, akasomesha vyuo vikuu vya Michigan na Binghamton huko Marekani, 2014 akafia huko huko akarudishwa kuzikwa kwao. Halafu ukafungua viganja tukaomba pamoja. Na tuktuk ukanilipia! Mola akuzidishie umri, baba.