Taarifa ya mwenyekiti: mwaka tuliohesabu mikono badala ya lapu

Ndugu wanachama, habari zenu na poleni na majukumu. Mambo ya fedha mweka hazina atayasoma mwenyewe kwaiyo siyagusi, na zile wiki tulizokosa bwawa kwa ajili ya pampu ya chujio mnazijua, wenye bwawa mpaka leo hawajatufidia hata siku moja, kamati bado inafuatilia. Mimi nataka niongelee kuogelea kwenyewe maana ndo kilichotukutanisha.

Mnakumbuka mwanzo wa mwaka tulivyokuwa. Kila mtu anahesabu lapu, yaani safari za ukuta hadi ukuta, mimi nimepiga 20, mwenzangu kapiga 30, alafu mtu anatoka majini kifua kinapanda na kushuka hawezi hata kujibu salamu. Kocha akasema acheni lapu, hesabuni mikono, na wengine tulikasirika kabisa. Bwawa letu ni mita 25, basi unahesabu mkono umeingia majini mara ngapi mpaka uguse ukuta, ikiwa michache ndo vizuri. Nilipata 31. Mimi niliyekulia Kigamboni, naogelea tangu sijaanza shule.

Hapo ndo tukajielewa. Wengi wetu bahari ilitufundisha kichwa juu, unaangalia wimbi, unaangalia mtumbwi, unaangalia wenzako wako wapi, na maji ya chumvi yanakubeba maana ni mazito kuliko ya bomba kwa kama asilimia 2 na nusu. Bwawani msaada huo hamna. Ukinyanyua kichwa tu kiuno kinashuka, miguu inazama, unabaki unasukuma maji kwa kifua na mapaja. Na maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa, ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako yanakuzuia kama mara nne, kwaiyo kuongeza nguvu peke yake ni kumaliza pumzi bure. Uso uangalie chini, shingo ilegee, nyonga zitapanda zenyewe.

Kuna mama mmoja wa leni ya pembeni, jina simtaji, mwenyewe atajijua. Alikuwa anabana pumzi uso ukiwa majini, akigeuka anataka atoe na avute kwa mpigo mmoja, na muda huo hautoshi. Kocha akamkalisha kwenye ngazi, uso majini, toa povu taratibu kwa pua, alafu geuza kichwa kidogo tu, kioo kimoja cha miwani kibaki ndani ya maji, vuta. Wiki tatu nzima ni ngazi na povu, wengine wakawa wanamwonea huruma. Mwezi wa tisa nimesimama ukingoni namwona anakuja, mabega yanazunguka, kiwiko kiko juu vidole vinaelekea chini, maji hayarukiruki, mikono 22, kagusa ukuta akaniuliza, "Mwenyekiti, nigeuze nirudi?" Wala hahemi. Machozi yalinilenga, sifichi.

Katikati ya mwaka tulikosea kitu. Watu walipenda namba ndogo mno wakaanza kuteleza mpaka wanasimama, kila mkono ukawa kama kuwasha gari upya. Ndo maana sasa tunajumlisha mikono na sekunde, mikono 22 kwa sekunde 30 ni 52, na hiyo jumla ndo tunataka ishuke, sio mikono peke yake. Miguu sina mengi, teke litoke kwenye nyonga sio kwenye goti, kifundo kilegee, basi.

Ukutani bado tunapoteza sana. Mtu anagusa, anageuka, anaanza kukata maji palepale wakati ukuta, ukiusukuma kwa miguu, ndo sehemu pekee ya bwawa inayokupa mwendo wa bure. Mjapani Daichi Suzuki alishinda mita 100 za kuogelea kwa mgongo Olimpiki ya Seoul 1988 akitumia karibu mita 30 za mwanzo chini ya maji, baadaye sheria ikaja kuweka kikomo, leo ni mita 15. Sisi siombi 15, naomba 5, mikono imebana masikio, kiganja juu ya kiganja, mwili umenyooka.

Ila hapohapo vijana nawasihi, yale mashindano ya nani atakaa chini muda mrefu nimeyapiga marufuku na sitalegeza. Mkipumua harakaharaka kabla ya kuzama mnaondoa kaboni dayoksaidi ambayo ndo inayoushtua mwili utake hewa, kwaiyo mtu anazimia bila dalili yoyote, na majini kuzimia ni dakika chache tu kafa. Naogopa hilo kuliko kitu chochote kwenye hii klabu.

Mwaka ujao kamati inaomba leni ya pembeni iwe ya wanaoanza kila Jumamosi kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 2, na asije mtu wa lapu kuwasumbua. Tunahitaji watu wawili wa kukaa nao kwenye ngazi, sio lazima uwe fundi, ujue tu kutoa povu na uwe na subira. Yule mama kashaandikisha jina lake. Bado mmoja.